Elvin Jones: mtu mmoja, ngoma nne

Ukimwambia mtu wa Kisumu kwamba unapenda jazz, atakuuliza: Shirati au Victoria? Kwa wazee wa Kondele na Nyalenda, jazz ni kama jina la ukoo wa bendi. Kulikuwa na Shirati Jazz ya D.O. Misiani, kulikuwa na Victoria Jazz, na kule Kinshasa Franco na OK Jazz yake. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopiga jazi ya New York. Hizo mbili za kwetu zilipiga benga, ya Franco ikapiga rumba, na neno jazz likabandikwa kwenye jina kwa sababu, nadhani, lilinukia mji, suti na gitaa la umeme. Sioni kosa hapo. Lakini ndiyo sababu kila ninapotaka kumweleza mtu wa huku kuhusu Elvin Jones, mpiga dramu aliyezaliwa Michigan mwaka 1927, hujikuta nafungua fundo hilo kwanza.

Fundo la pili ni gumu zaidi, maana liko masikioni.

Mimi nilijifunza dramu kanisani, Kakamega, kwenye seti yenye toazi moja lililopasuka na kanyagio lililofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na amri moja tu: shika mdundo. Maana yake mkono wa kulia ugonge toazi bila kuchoka, wa kushoto ugonge sneya, ile ngoma ndogo inayolia kwa ukali, kwenye pigo la pili na la nne, mguu ukanyage kwenye la kwanza na la tatu, na asiwepo kiungo cha kutangatanga. Ukitangatanga akina mama wa sauti ya kwanza wanapotea, na baada ya ibada utaitwa kando. Basi siku rafiki aliponipa fleshi yenye muziki wa John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani ambaye Elvin alimpigia dramu, nilisikiliza karibu nusu saa nikitafuta ule mkono ulioshika mdundo. Sikuupata. Nikaamua kwamba mpigaji amelewa.

Aliyenitoa gizani ni mjomba wangu wa Shinyalu, mpiga isukuti, ngoma za jadi za huko, mtu ambaye hajawahi kukalia seti ya dramu maishani mwake. Alisikiliza kidogo akauliza, "Hawa ni wangapi?" Nikamwambia, mjomba, ni mmoja. Akanyamaza kidogo, kisha: "Sawa. Na ile ngoma ndogo anaipiga na nini?"

Hakutafuta aliyeshika mdundo. Yeye alikuwa ameshazigawa sauti, na alichotaka kujua ni kiungo kipi kinabeba sauti ipi. Hilo ndilo swali sahihi la kumwuliza Elvin Jones. Nililirudia nyumbani na jibu nikalipata: mkono wa kushoto.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, ingawa ukienda mapigano ya mafahali kule Khayega asubuhi ya Jumamosi utadhani haihitaji kulindwa na yeyote. Kila ngoma ina kauli yake. Moja inapoacha nafasi, nyingine inaingia hapo. Ukimtoa mmoja ukamrekodi peke yake, utapata kitu kilichotoboka kama wavu. Mdundo wenyewe haukai kwa mtu hata mmoja. Unakaa katikati yao.

Sasa tazama seti ya dramu ilikotoka. Katika bendi za gwaride za Marekani, karne ya kumi na tisa, mtu mmoja alibeba ngoma kubwa, mwingine sneya, wa tatu akagonga matoazi. Bendi hizo zilipoingia ndani ya kumbi, nafasi ilikuwa ndogo na mishahara michache, na wenye bendi wakaanza kutafuta jinsi ya kumkalisha mtu mmoja afanye kazi ya watatu. Kanyagio la ngoma kubwa lililofanya jambo hilo liwezekane vizuri lilitengenezwa na William F. Ludwig mwaka 1909. Kwa hiyo seti ya dramu ni kikundi kizima kilichobanwa kwenye kigoda kimoja. Wajaluo walikuwa na jibu lao kwa shida hiyohiyo: mpiga nyatiti hukung'uta nyuzi nane kwa vidole, hugonga mti wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, hutikisa njuga zilizofungwa mguuni, na juu ya hayo yote anaimba na kusengenya watu.

Kikundi kilipobanwa kwenye kigoda, kwa miaka mingi kilinyamazishwa pia. Wapiga dramu wa mwanzo wa jazi walikanyaga ngoma kubwa kwenye kila pigo, manne kwa manne, kwa ajili ya wachezaji dansi. Miaka ya 1940 Kenny Clarke akauhamisha mwendo juu, kwenye toazi kubwa, na mguu ukaachwa huru kutupa mabomu ya ghafla pale unapopenda. Max Roach akaiendeleza njia hiyo mpaka dramu zikaweza kuimba sentensi nzima. Hata hivyo ukiwasikiliza hao wawili, mkono wa kulia bado ni mwenye nyumba na viungo vingine ni wageni wanaochangamsha baraza. Elvin ndiye aliyevunja mpango huo wa mwenye nyumba na wageni.

Alizaliwa tarehe 9 Septemba 1927 mjini Pontiac, jirani na Detroit, kitindamimba wa watoto kumi. Baba alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti na mfanyakazi wa General Motors. Nyumba hiyo ilitoa wanamuziki watatu wa kutajwa duniani: Hank, mpiga piano, aliyezaliwa 1918, Thad, mpiga tarumbeta, aliyezaliwa 1923, na huyu mdogo wao. Ukizaliwa wa kumi katika nyumba yenye piano, piano ina foleni. Elvin alivutiwa na ngoma tangu mdogo, hasa zile za sarakasi zilizopita kwa maandamano karibu na kwao. Akajiunga na bendi ya gwaride ya shule, na huko akakazwa mazoezi ya msingi ya fimbo: kulia, kushoto, kulia-kulia, kushoto-kushoto, mpaka mikono miwili isitambulike ipi ni ipi.

Alitumikia jeshi kuanzia 1946 hadi 1949. Alipotoka, alichukua malipo ya kuagwa, akamkopa dada yake dola 35, akanunua seti yake ya kwanza. Napenda sana hizo dola 35. Kila mwanamuziki ninayemjua hapa ana dada au shangazi aliyelipia gitaa, na mara nyingi deni hilo halijalipwa hadi leo.

Detroit ya miaka hiyo ilikuwa na pesa za viwanda vya magari na vilabu vya kuzitumia. Elvin alipiga katika Blue Bird Inn, kwenye bendi ya Billy Mitchell, pamoja na kaka yake Thad. Mwaka 1955 alikwenda New York kujaribiwa kwa bendi ya Benny Goodman, akakataliwa. Badala ya kurudi nyumbani akabaki. Akapiga na Charles Mingus, na Miles Davis, na J.J. Johnson. Tarehe 3 Novemba 1957 alikuwa katika klabu ya Village Vanguard na mpiga saksafoni Sonny Rollins, katika kundi la watu watatu bila piano. Bila piano hakuna wa kujaza kati, na hapo ndipo unapoanza kusikia mkono wa kushoto ukitoka kwenye nafasi yake ya mgeni.

Sasa tufike kwenye kiini. Njia rahisi ninayoijua ni muwa.

Chukua muwa, wa Muhoroni au wa Mumias, usigombane nami. Ukate pingili nne zinazolingana: hayo ndiyo mapigo manne ya kipimo kimoja cha jazi ya kawaida. Kisha kila pingili ipasue vipande vitatu. Una vipande kumi na viwili. Mpiga dramu wa swingi, kwa mkono wa kulia, mara hutafuna kipande cha kwanza peke yake, mara cha kwanza na cha tatu: ting, ting-a-ting. Kile cha katikati hukiruka. Kuchechemea huko, kwa kuruka kipande cha katikati, ndiko kunakoitwa swingi.

Elvin alikuwa na uchu na kile cha katikati. Mkono wa kushoto ulikidonoa kwenye sneya, mara mguu ukakidonoa kwenye ngoma kubwa, mara haihati, yale matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu, ikabusiana hapo badala ya kukaa kwenye pigo la pili na la nne kama ilivyofundishwa. Hakukigusa kila mara, wala kwa nguvu ileile. Ndiyo maana muziki wake unavingirika, kama gunia la viazi linaloporomoka ngazi bila kuanguka.

Lakini hilo ni nusu tu. Una vipande kumi na viwili mezani. Ukigonga kila baada ya vipande vitatu, unapata mapigo manne. Ukigonga kila baada ya vinne, unapata matatu. Ukigonga kila baada ya viwili, unapata sita. Muwa ni uleule, urefu ni uleule, wote wanafika mwisho pamoja. Elvin alikuwa na viungo vinne, na aliweza kukipa kimoja hesabu ya nne, kingine ya tatu, kingine ya sita, halafu katikati ya wimbo akazibadilisha hesabu hizo baina ya mikono na miguu bila kutangaza.

Jaribu mwenyewe, hapo ulipo. Mkono wa kulia ugonge meza mara tatu, wa kushoto mara mbili, ndani ya muda uleule, kwa kulingana. Utashindwa mwanzoni. Basi sema "chai ya moto", ukivuta kidogo "chai" na "to". Kwenye "chai" gonga mikono yote miwili. Kwenye "ya", kulia. Kwenye "mo", kushoto. Kwenye "to", kulia. Rudia bila kusimama. Ukishazoea, tikisa kichwa ukifuata mkono wa kulia, kisha, bila kubadilisha chochote mikononi, tikisa kichwa ukifuata wa kushoto. Meza inalia vilevile, lakini wimbo umegeuka. Mwendo uliokuwa wa tatu umekuwa wa mbili.

Hapo ndipo mwalimu wangu wa kwaya na mjomba wangu walipoachana njia. Mwalimu angekuuliza ni upi mwendo wa kweli kati ya hiyo miwili. Mjomba hata swali lenyewe lingemshangaza.

Kuna kishawishi hapa cha kupiga kifua na kusema Elvin alichukua isukuti. Hapana. Watu walioibwa na kupelekwa Marekani walitoka kwa sehemu kubwa Afrika Magharibi na ya Kati, si Shinyalu, na hata hao walinyimwa ngoma zao: sheria ya South Carolina ya mwaka 1740, iliyotungwa baada ya uasi wa Stono, ilikataza watumwa kupiga ngoma. Kilichofika New York kilipita kwenye viganja, nyayo, kanisa na gwaride. Ninachosema ni kidogo zaidi: sikio lililokulia kwenye ngoma tatu linamsikia Elvin haraka kuliko sikio lililokulia kwenye amri ya kushika mdundo. Nimeliona kwa macho.

Kazi iliyomjengea jina ilianza mwaka 1960, alipoingia katika bendi ya Coltrane. McCoy Tyner kwenye piano, na baadaye Jimmy Garrison kwenye besi ya kusimama. Oktoba mwaka huo walirekodi My Favorite Things, wimbo wa tamthilia ya muziki ya Broadway, mwendo wa tatu kama dansi ya waltz, na Elvin akaufanya uonekane kama una miendo miwili inayogombea mlango mmoja. Watu wengi hupenda saksafoni humo. Mimi nasikiliza jinsi pigo la kwanza, ambalo waltz hulitegemea kama nyumba na nguzo yake, linavyoachwa wazi mara kwa mara, nawe unalisikia hata hivyo.

Kwenye maonyesho ilifika mahali piano na besi zikanyamaza, Coltrane na Elvin wakabaki wawili, kwa dakika nyingi, saksafoni na dramu uso kwa uso. Si mapigano, ingawa wengi wameyaita hivyo. Coltrane alikuwa mtu wa sentensi ndefu zisizo na nukta, na mpiga dramu wa kawaida angemwekea nukta kila mwisho wa kipimo, boom, anza tena. Elvin alimpa ardhi isiyo na mipaka ya mashamba. Kauli yake ya ngoma ilivuka kutoka kipimo hiki hadi kile, na ikaja kutua mahali ambapo hukutegemea, wote pamoja.

Maisha hayakuwa laini. Mwaka 1963 alikosekana kwa miezi akitibiwa uraibu wa heroini, na Roy Haynes, fundi mwingine mkubwa, akashika kiti. Linganisha rekodi za miezi hiyo na za kabla: Haynes ni mwepesi, anametameta, na bendi inaruka. Elvin aliporudi, bendi ilirudi kuwa nzito chini, ikisukuma kama maji.

Tarehe 9 Desemba 1964, katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, watu hao wanne walirekodi A Love Supreme kwa kikao kimoja. Dakika 33 hivi, sehemu nne, maombi ya Coltrane kwa Mungu wake. Sauti ya kwanza kabisa unayoisikia ni upatu, na aliyeugonga ni Elvin. Sehemu ya tatu inaanza na yeye peke yake, bila mwingine yeyote. Sehemu ya mwisho anaacha mwendo kabisa, anapiga timpani, ngoma zile kubwa za okestra, zinazonguruma kama radi ya ziwa saa kumi jioni kabla mvua haijavuka kutoka Homa Bay.

Mwaka uliofuata Coltrane alitaka muziki usio na mwendo hata mmoja, akamleta mpiga dramu wa pili, Rashied Ali, akae ubavuni mwa Elvin. Wapo wanaosema Elvin alishindwa kwenda na wakati. Naona wanakosea. Muziki wa Elvin ulihitaji mwendo uwepo ili uvutwe huku na huku; miendo mitatu inagongana vizuri pale tu yote inapofika mwisho pamoja. Ukiondoa mwisho huo, hakuna tena kinachogongana. Tena, mtu ambaye tayari ni wapiga ngoma wanne, ukimwekea wa tano, unaongeza kelele tu. Mapema mwaka 1966 aliondoka. Alikwenda kwa muda mfupi katika okestra ya Duke Ellington, ambako, kwa kejeli ya mambo, alikuta tena mpiga dramu mwingine. Coltrane alifariki tarehe 17 Julai 1967.

Miaka 38 iliyobaki huwa inapitwa haraka na waandishi, nami sitaikawiza, ila mambo machache. Mwaka 1968 aliunda kundi la watatu na Garrison na mpiga saksafoni Joe Farrell, bila piano tena. Tarehe 9 Septemba 1972, siku alipotimiza miaka 45, alirekodiwa akiwa jukwaani katika klabu ya Lighthouse, Hermosa Beach, California, na saksafoni mbili za vijana, Dave Liebman na Steve Grossman, wakimkimbilia kama watoto nyuma ya lori la miwa. Mkewe Keiko, Mjapani, ndiye aliyeendesha shughuli zake na kumwekea dramu jukwaani. Bendi yake ya baadaye iliitwa Jazz Machine, na miaka ya 1990 mwanzoni ilimpokea mpiga saksafoni kijana aitwaye Ravi. Huyo alikuwa mtoto wa Coltrane, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili baba yake alipofariki. Kwetu tungesema mtoto amerudishwa kwa rafiki wa baba akafundwe.

Alipiga karibu hadi siku ya mwisho, moyo ukiwa umedhoofika, mtungi wa oksijeni ukiwa jukwaani pamoja naye. Alifariki tarehe 18 Mei 2004, Englewood, New Jersey, akiwa na miaka 76. Hank, kaka aliyemtangulia kwa miaka tisa, aliendelea kupiga piano na kufariki mwaka 2010.

Ukitaka kuanza kumsikiliza, usitumie spika ya simu, maana itakula ngoma kubwa yote na kukuachia matoazi. Usitumie pia spika za matatu ya Kondele, kwa sababu iliyo kinyume. Tafuta headphone hata za mia tatu za soko la Kibuye. Weka sehemu ya tatu ya A Love Supreme, pale anapokuwa peke yake. Mara ya kwanza fuata mkono wa kulia kwenye toazi. Mara ya pili uache, ufuate wa kushoto. Mara ya tatu, mguu. Mjomba alipoisikiliza, kidole chake kilianza kugonga ukingo wa kiti, na kilichokuwa kikigonga hapo hakikuwa chochote kati ya hivyo vitatu. Ilikuwa ngoma ya nne, aliyoiongeza mwenyewe, na iliingia sawasawa.